Siku Niliposema Seva Iko Sawa

Mmoja wenu vijana, binti anayesomea kompyuta, alinisimamisha nje ya kanisa Jumapili iliyopita akaniuliza kama ni kweli niliwahi kuendesha programu za PHP ndani ya seva ya Java. Aliuliza huku akizuia kicheko, jinsi mtu anavyomuuliza babu yake kama ni kweli alikwenda shule bila viatu. Nilimjibu kwamba ni kweli, yote mawili. Wenzake wakasema basi niandike. Naandika nikiwa kwangu hapa mtaa wa Free Area, Nakuru, nimestaafu, macho bado yanaona herufi bila kuhangaika sana, na kwa hilo namshukuru Mungu kila asubuhi.

Msinidai mpangilio wa miaka. Nitaanza na yale ya kuchekesha, kisha nitafika kwa lile ambalo halichekeshi.

Kabla ya kompyuta nilisoma miaka miwili katika chuo cha Biblia. Nilitaka kuwa mchungaji. Mungu alikuwa na mpango mwingine, au pengine aliyasikia mahubiri yangu ya majaribio. Nilichokifanya vizuri pale chuoni ni kuwachapia walimu notisi zao na kuitengeneza kompyuta ilipogoma, na kazi hiyo ndiyo iliyonifikisha katika hospitali moja ya misheni nje kidogo ya Nakuru, ambayo sitaitaja jina. Nilikaa huko hadi kustaafu. Kwa sababu ya chuo kile, wafanyakazi wote waliniita Pasta. Seva ikichelewa kujibu, mtu wa maabara alikuwa akichungulia dirishani na kuniambia niiwekee mikono.

Sasa, kwa nini PHP ndani ya Java, lugha mbili za programu zisizokaa nyumba moja? Hospitali ilikuwa na seva moja tu nzuri. Ilikuwa ya mfumo wa maabara, ulioandikwa kwa Java, na waliotuletea walikuwa na sharti moja: hakuna programu nyingine itakayowekwa kwenye mashine ile, isipokuwa iingie ndani ya seva ya Java yenyewe, chini ya sheria zake. Upande wa pili tulikuwa na programu ya kumbukumbu za zamani. Iliandikwa kwa PHP na mtu aliyekuja kujitolea, akaimaliza, akala chapati ya kuagana nasi, akaenda kwao. Programu ilikuwa nzuri ila haikuwa na mahali pa kulala.

Njia ikapatikana. Kulikuwa na maktaba ya programu, yaani fungu la maandishi yaliyo tayari, iliyoandikwa kwa Java ambayo kazi yake ilikuwa kusoma PHP na kuitekeleza papo hapo. Niliielewa mara moja, kwa sababu ni kitu tunachokiona kila mkutano wa injili hapa Nakuru. Mhubiri anasema kwa Kiingereza, mkalimani anasimama kando yake na kusema kwa Kiswahili, na watu wanaitikia amina bila kujali nani alianza. PHP ilikuwa mhubiri. Java ilikuwa mkutano. Maktaba ile ilikuwa mkalimani.

Lakini mnajua pia mkalimani akikutana na neno asilolijua hufanya nini. Anakohoa, anaruka, anaendelea. Mkalimani wetu alijua karibu PHP yote ya kawaida, ila vile viungo vya ziada vinavyochomekwa kwenye PHP, vilivyoandikwa kwa lugha nyingine iitwayo C, hakuwa navyo. Programu ilipotaka kupunguza ukubwa wa picha kwa kiungo kimoja cha namna hiyo, hakusema lolote. Ukurasa ulikuja mweupe. Nilikaa siku mbili nikitafuta kosa katika maandishi yangu, na kosa lilikuwa neno ambalo mkalimani hakufundishwa. Kwa hiyo, kabla ya kuhamisha programu yoyote, andika kwenye karatasi kila kiungo inachokitegemea, ukijaribu kimoja kimoja. Karatasi, nasema. Kichwa kinasahau kile ambacho hakipendi.

Aliyenifundisha Java alikuwa Barasa, fundi wa mfumo wa maabara. Babu yake alikuja Nakuru kutoka magharibi kufanya kazi ya reli, baba yake akafanya kazi kiwandani, naye Barasa alikuwa na tabia za wote wawili: saa zake hazikupungua dakika, na kila kitu kilikuwa na mahali pake. Hakupenda PHP. Alisema watu wa PHP hutengeneza gari likiwa linatembea, na alikuwa anasema juu yangu.

Nilistahili. Katika miezi ya kwanza, kila nikibadilisha faili niliianzisha programu upya palepale bila kuizima seva. Ilikuwa inafanya kazi, lakini kila Alhamisi seva ilishiba na kulala. Mimi nikaona dawa ni kuizima na kuiwasha Alhamisi asubuhi, wakati wafanyakazi wako kwenye maombi na hakuna anayeitumia. Nilifanya hivyo majuma mengi na nikajiona mwerevu. Barasa alipogundua, alivuta kiti akanionyesha jinsi kumbukumbu ya mashine ilivyojaa. PHP kwa kawaida, mtu akifungua ukurasa, huzaliwa, hujibu, hufa, na uchafu wake hufa nayo. Ndani ya Java nyumba haifungwi kamwe. Kila nilipoianzisha programu upya, ile ya jana ilibaki imejificha ndani.

“Pasta, unaalika wageni wapya,” akaniambia, “na wale wa jana bado wako kitandani. Halafu unashangaa blanketi haitoshi.”

Jambo lingine lilikuwa jina. Msaidizi wetu wa kumbukumbu aliitwa Rael Chepng’eno, mama wa watoto watatu, mkazi wa mtaa wa Rhonda, mtu wa maneno machache yanayofika. Siku ya kwanza nilimwambia ajisajili kwenye programu. Akaandika jina lake, akabonyeza, ukurasa ukajaa Kiingereza chekundu. Akajaribu tena. Akanigeukia na kusema, “Pasta, mashine imenikataa kabla haijaona kazi yangu.”

Kosa lilikuwa ile alama ndogo ya ng’. Aliyeandika programu hakutoka kwetu. Hakujua kwamba katika Bonde la Ufa nusu ya foleni ina alama ile katikati ya jina. Alikuwa analibandika jina la mtu moja kwa moja ndani ya swali linaloenda kwenye hifadhidata, na hifadhidata ikaiona alama ile kama mwisho wa neno. Ninyi mmefundishwa kulituma jina peke yake, kando na swali. Fanyeni hivyo daima. Ni kinga dhidi ya wezi, ndiyo, lakini kwangu mimi ni adabu tu. Mtu asikataliwe kwa sababu ya jina alilopewa na wazazi wake.

Sasa nifike pale nilipokuwa nakwenda.

Kazi ya Rael ilikuwa kuziokoa rejista za wodi ya uzazi. Zilikuwa vitabu vikubwa vya jalada gumu, vya miaka mingi, vimewekwa katika stoo nyuma ya jikoni ambako mchwa walikuwa wameanza kula. Mtu aliyezaliwa pale na hana cheti alikuja kutafuta ukurasa wake mle, ili apate uthibitisho wa kupeleka kwa msajili. Rael aliskani kila ukurasa, akaandika jina la mama na tarehe, na programu ikahifadhi picha. Alifanya hivyo miezi saba. Vumbi la stoo ile lilimpa kikohozi ambacho alikuwa anakificha kwa leso. Alikuwa wa mkataba, na mkataba wake ulikuwa unaisha mwisho wa mwezi huo. Ungefanywa upya au usingefanywa, kulingana na rejista zile.

Lazima mwelewe desturi mbili. Watu wa PHP huweka picha katika folda iliyo karibu na programu yenyewe. Ndivyo aliyeandika ile programu alivyofanya, na hakukosea kwa desturi yake. Watu wa Java hufunga programu nzima katika kifurushi kimoja. Ukiweka kifurushi kipya, seva inafuta folda yote ya zamani na kukifungua kipya mahali pake. Kwao folda ile ni kivuli tu cha kifurushi, hata kwenye nakala ya akiba haiwekwi. Barasa alipopanga nakala za akiba aliweka hifadhidata na kifurushi, akaacha folda. Naye hakukosea kwa desturi yake.

Miezi yote saba mimi nilikuwa nikifanya kama mtu wa PHP: naingia kwenye folda, nabadilisha faili moja, natoka. Barasa alinikemea mara nyingi. Basi Jumanne moja nikaamua kutii. Nikafunga kifurushi vizuri, nikaandika namba ya toleo, nikasimamisha seva, nikakiweka, nikaiwasha. Ilikuwa saa nne kasorobo asubuhi. Kila kitu kikafunguka. Barasa alipita akaona, akanipa mkono. Kwa mara ya kwanza nilikuwa nimeifanya kazi ile inavyotakiwa.

Jumatano asubuhi alikuja mama mmoja kutoka Ndabibi, upande ule wa Ziwa Naivasha. Alizaliwa katika hospitali yetu na hakuwahi kuwa na cheti cha kuzaliwa. Madam Wanjiru, msimamizi wa hospitali, akataka kumsaidia mwenyewe. Akatafuta jina la mama yake, akalipata, tarehe ikaonekana, lakini mahali pa picha palikuwa patupu. Akafungua jina lingine. Patupu. Akafungua mengi, rejista hii na ile. Majina yote yalikuwepo. Picha hata moja haikuwepo.

Akanipigia simu ya ofisini. Nilikuwa nakunywa chai.

“Bwana Langat, kuna shida yoyote kwa seva?”

Nikatazama skrini. Taa za kijani. Kumbukumbu ya mashine haikujaa. Nikajibu, “Hapana, Madam. Seva iko sawa.”

Nimejibu maswali mengi maishani, mengine mbele ya madhabahu. Hakuna jibu ambalo nimelikumbuka kama lile. Halikuwa uongo. Nilisema nilichokiona. Lakini sikuuliza kwa nini ananiuliza, wala sikuinuka kwenda kuangalia. Maneno yale matatu yakapanda ngazi hadi ofisini kwake, na huko yalikuwa na maana moja tu: kama seva iko sawa, basi Rael hakuskani. Alikuwa anaandika majina, anabonyeza, anakwenda nyumbani.

Nilisikia habari hiyo saa sita, kutoka kwa yule mtu wa maabara. Aliniambia Rael ameitwa juu, amehojiwa, ameambiwa akabidhi funguo za stoo. Ndipo nikafungua folda ya picha. Ilikuwa tupu, safi kama sahani iliyooshwa, na saa ya kutengenezwa kwake ilikuwa Jumanne, saa nne kasorobo asubuhi.

Nilikaa. Niliomba nikiwa kwenye kiti, na nikiri kwenu kwamba nilichoombea kwanza kilikuwa njia ya kutokea.

Na njia ilikuwepo. Jumatatu stima ilikuwa imepotea mara tatu, na hapa kwetu hakuna anayeuliza maswali stima ikilaumiwa. Ningeandika kwamba diski iliharibika kwa kupotea kwa stima. Rael angesafishwa. Mimi ningesafishwa. Barasa asingeguswa. Hebu fikirini jinsi uongo ule ulivyokuwa mzuri: haukumuumiza mtu yeyote. Nikaanza kuuandika. Nilikuwa nimefika sentensi ya pili Rael alipoingia.

Alikuwa ameshika mfuko wa plastiki wenye kikombe chake na leso zake. Sikutarajia alichosema. Nilidhani atakuja kulalamika, au kulia.

“Pasta, nikuulize kitu na uniambie ukweli,” akasema. “Zile picha niliziweka, ama sikuziweka?”

Sikumwelewa. Akaeleza. Madam alimwonyesha jina baada ya jina, patupu baada ya patupu, mpaka yeye mwenyewe akaanza kushuku. Pengine alikuwa anabonyeza vibaya tangu siku ya kwanza. Pengine kile kijani kilichoandika ‘imehifadhiwa’ kilikuwa na maana nyingine ambayo yeye, mtu wa darasa la nane, hakuielewa. “Kama sikuziweka niambie tu,” akasema. “Nitaenda nikijua.”

Hapo niliona kile ambacho uongo wangu haungekirudisha. Stima ingemrudishia kazi. Lakini angebaki miaka yote akijiuliza, na kila mashine ikikosea angedhani ni mkono wake. Na folda ile ingebaki palepale, ikingoja kifurushi kingine.

“Uliziweka,” nikamwambia. “Zote. Mimi ndiye niliyezifuta. Jana asubuhi.”

Akavuta kiti akaketi, akakohoa ndani ya leso, akasema polepole, “Miezi saba, Pasta.”

“Najua.”

“Hujui. Hujaingia hiyo stoo hata siku moja.”

Ilikuwa kweli.

Tulipanda juu pamoja. Nilimweleza Madam Wanjiru kila kitu mbele ya Rael: desturi mbili, folda, kifurushi, na lile jibu langu kwenye simu. Nilimwambia pia kwamba Barasa hakuhusika, kwa sababu sikuwahi kumwambia picha zinakaa wapi. Madam hakupaza sauti. Aliuliza kama kuna nakala popote. Nikasema hakuna, programu huzifuta kwenye kompyuta ya skana zikishapokelewa. Aliuliza kama rejista zenyewe bado zipo. Rael akajibu kwamba zipo, zote, hata zile ambazo mchwa wamegusa.

Madam akasimama. Hakuwa mtu wa kusimama kwa ajili ya mfanyakazi. Akachukua funguo za stoo kutoka mezani kwake, akazungukia upande wetu, akamwekea Rael mkononi. “Nimekukosea,” akamwambia. Kwangu alisema kwamba barua ya onyo itanifikia kabla ya Ijumaa, na ilinifikia. Ninayo hadi leo ndani ya Biblia yangu. Si kwa kujiadhibu. Ni vizuri mtu awe na karatasi moja inayosema ukweli juu yake.

Nikaanza kumwomba Rael msamaha pale kwenye ngazi. Akanikatiza. Alisema msamaha ameshatoa, hiyo ni kati yake na Mungu, lakini msamaha hauskani. Kama nina nia, nimfuate stoo. Yule mama wa Ndabibi bado alikuwa kwenye benchi tangu asubuhi, na gari la kumrudisha halingemngoja.

Nikamfuata. Nilikohoa kabla hata ya kupita mlangoni. Rael hakuhitaji kompyuta. Alimuuliza yule mama mwaka na msimu, kama ilikuwa wakati wa kupanda au wa kuvuna, akaenda moja kwa moja hadi rafu ya tatu akavuta kitabu cha kijani ambacho mgongo wake ulikuwa umeliwa. Akafungua karibu na mwisho. Jina la mama yake lilikuwepo, kwa wino wa bluu uliofifia. Yule mama aligusa ukurasa kwa kidole kimoja.

Tukakipeleka kitabu kwenye chumba cha kumbukumbu, penye skana, na kabla ya kuskani Rael alichukua karatasi nyeusi akaiteleza nyuma ya ukurasa. Nikamuuliza ni ya nini. Akasema kurasa zile ni nyembamba, maandishi ya nyuma yanapenya mbele na majina yanachanganyika, kwa hiyo unaziba nyuma kwa nyeusi. Hakuna aliyemfundisha. Alikuwa ameligundua mwenyewe katika mwezi wa pili, na alilifanya kwa kila ukurasa katika kazi ambayo waliamini hakuifanya.

Nilimwomba angoje kidogo, nikaketi kwenye kompyuta nihamishe folda. Nilitengeneza nyingine nje kabisa ya eneo la programu, mahali ambapo kifurushi hakifiki, nikaielekeza programu huko kwa mstari mmoja katika faili la mipangilio, na nikaongeza folda hiyo kwenye nakala za akiba. Kazi ya dakika ishirini. Nawaambia muda huo kwa makusudi, muulinganishe na miezi saba.

Rael akaskani ukurasa. Picha ikatokea, safi, jina likisomeka. Tukaichapisha, Madam akaipiga muhuri, yule mama akaikunja mara moja tu na kuondoka nayo haraka akiwahi gari.

Nikadhani tumemaliza kwa siku hiyo. Rael akabaki amesimama nyuma ya kiti changu.

“Sasa weka tena kile kifurushi chako,” akasema. “Vilevile ulivyofanya jana. Mimi niko hapa naangalia.”

Nikasimamisha seva. Nikaweka kifurushi. Nikaiwasha. Tulingoja pamoja. Ukurasa ukafunguka. Rael akainama, akachukua kipanya mkononi mwangu, akaandika jina yeye mwenyewe, akabonyeza. Picha ilikuwepo. Akaenda mbele, akarudi, akabonyeza tena. Ilikuwepo.

Kisha akakunja mikono ya sweta, akafungua kile kitabu cha kijani ukurasa wa kwanza, akaninyooshea karatasi nyeusi.

“Haya,” akasema. “Shika hapa nyuma, na usitingishe.”